Siku ya Jikoni

Mama Tulizo mkunga alikwama mkasi ukiwa mkononi.

Fidea alikuwa nje, juu ya ngazi, anaifuta antena ya zahanati iliyokuwa imelowa ukungu wa wiki nzima, aliposikia anaitwa kupitia dirishani. Haikuwa sauti ya uchungu. Uchungu ulikuwa umeshapita, yeye mwenyewe ameusikia wote kutoka pale juu. Hii ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa kupiga kelele.

"Dada wa antena! Ingia, dada. Huyu mama amekwama."

Akashuka, akavua viatu mlangoni kwa mazoea, akaingia. Mzazi alikuwa chali, uso umelowa jasho. Mama Tulizo alikuwa amesimama mbele yake na mtoto kiganjani, mtoto wa rangi ya zambarau, kitovu bado kimemshika mama yake. Macho ya mkunga yalikuwa wazi, yametulia ukutani kwa upole, kama ya mtu aliyesahau jina la jirani na ana hakika litarudi. Nyuma ya sikio lake ushanga wa kioo ulikuwa unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika.

Igosima Mpya mtu akikwama haguswi. Waliougua homa ya ukungu vichwa vyao havishiki tena jambo likavuka siku. Yote wanayoyajua yako kwenye mashine kule kilimani, na ushanga ndio unaokwenda kuyachukua na kuyaleta. Mwenzako akisimama ghafla njiani, na wewe unasimama. Ukiwa na mzigo unautua. Unamngoja. Zamani kungoja kwenyewe kulikuwa kupepesa macho tu, watu wakitaniana, "Umekwenda mbali wewe, umetuletea nini?" Siku hizi mtu aliweza kukwama birika likachemka mpaka maji yakapungua, na utani ulikuwa umekwisha wenyewe bila mtu kuukataza.

Fidea hakuwa na ushanga. Homa ilipita nyumbani kwao akiwa mtoto, ikambeba baba yake, ikamwacha mama yake na kichwa kitupu, ikaruka kitanda chake. Ndiyo maana alipewa kutunza mashine. Walitaka mtu ambaye hata mashine ikilala yeye atakumbuka njia ya kuifikia.

"Mguse!" mzazi akasema.

"Haguswi."

"Mguse mtoto basi! Mbona halii?"

Fidea hakujua lolote la uzazi. Alinyoosha mkono akamsugua yule mtoto mgongoni kwa vidole viwili, kama alivyowahi kuona watu wakimsugua ndama, na ngozi ilikuwa ya utelezi na baridi kuliko alivyotegemea. Akasugua. Hakuna. Akasugua tena, akijisikia anaomba bila maneno.

Ushanga ukawaka ukabaki umewaka.

"Ehe," alisema Mama Tulizo, kama hajaondoka. Akapangusa kinywa cha mtoto, akampindua, akampiga nyayo, na kilio kikatoka chembamba kisha kikajaa chumba. Akakata. Akafunga. Ndipo akamwona Fidea. "Na wewe unatafuta nini humu na mikono ya antena? Toka huko!"

Fidea alitoka. Alikaa kwenye kidato cha chini cha ngazi akavaa viatu vyake.

*

Nyumba ya Baridi ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo upepo wa nyanda haukomi, ili mashine zipoe bila gharama. Ilikuwa na kuta za mawe, madirisha ya wavu, na ndani yake mngurumo mmoja usiobadilika ambao Fidea aliuzoea hata alikuwa akiusikia pale tu unapobadilika.

Leo ulikuwa umebadilika. Lutengano Tweve, fundi, alikuwa tayari ameinamia kioo cha mashine.

"Nimesikia ya zahanati," alisema bila kugeuka. "Mtoto?"

"Analia vizuri."

"Mungu mkubwa. Njoo uone wewe, maana mimi nikiangalia sana nitakwama na mimi, tuwe wawili wa kusubiriwa."

Lutengano alikuwa na ushanga. Alisoma Mbeya mpaka akamaliza, na yote aliyosoma sasa yalikuwa ndani ya mashine ileile aliyokuwa anaitengeneza. Alizoea kusema yeye ni daktari anayejipasua mwenyewe. Walifanya kazi vizuri pamoja. Yeye alijua kwa nini, Fidea alijua tangu lini.

Kwenye kioo kulikuwa na safu za namba zinazoshuka. Fidea alitazama mbili tu, za katikati: ya kuingia na ya kutoka.

Marehemu mzee Ndelwa, aliyemfundisha kazi, alikuwa hapendi maneno ya vitabuni. Alimwambia: chukulia mashine ni fundi cherehani. Ana meza, ana stoo. Meza ni ndogo na iko karibu. Akinyoosha mkono amepata. Stoo ni kubwa, ndiyo diski, lakini lazima ainuke aende. Kitambaa anachoshona kiko mezani. Cha jana amemaliza, lakini hakirudishi stoo, anakiacha pembeni, maana mwenyewe anaweza kurudi kukiulizia. Meza ikijaa anaangalia kipi hakijaguswa siku nyingi, hicho ndicho anapeleka. Kwa hiyo, binti yangu, usishtuke ukiona meza imejaa. Meza inatakiwa ijae. Shtuka siku utakayomwona fundi hashoni tena, yuko njiani tu, kwenda stoo na kurudi, kwenda na kurudi, na wateja wamejaa mlangoni.

Safu ya kuingia ilikuwa imevimba. Ya kutoka nayo imevimba. Fundi alikuwa njiani tu.

"Ile namba ya kubadilishana, inayoamua nini kiende stoo, umeigusa?" Fidea aliuliza.

"Nimeishusha juzi. Nilitaka isiguse kumbukumbu za watu, ipunguze mafaili kwanza. Ikayatupa mafaili kweli, na dakika ileile watu wakayaitisha, ikawa inasoma kitu kilekile kutoka stoo asubuhi mpaka jioni. Jana nikaipandisha. Ikaanza kuwapeleka stoo waliolala. Leo asubuhi wameamka..."

"Wakakwama mlangoni."

"Nusu ya mtaa wa chini. Mzee Hezroni kasimama uani kashika kopo la maji ya kunawa, kuku wanamzunguka wanashangaa."

Fidea alicheka bila kutaka. Lutengano naye akacheka, kisha akaacha.

"Na stoo nimeiongeza," alisema. "Lakini stoo kubwa haiongezi meza. Na meza nyingine hatupati, unajua. Chipu za aina hii hazitengenezwi tena mahali popote." Akageuza kiti. "Fidea, sisi wote wawili tunajua kilichokalia meza. Tunazunguka tu."

Alijua. Alikuwa akizunguka tangu mvua za mwaka jana.

Walipohama Igosima ya zamani, kule bondeni ambako ukungu ulishuka na haujainuka tena, na watu wakavalishwa shanga, hofu ilikuwa moja: kwamba kila walichokipenda kitapelekwa stoo na mashine isiyowajua. Mzee Ndelwa akatoa ahadi. Kila nyumba ichague siku moja. Siku hiyo ataifunga mezani, mashine ikatazwe kuiondoa hata pakibanana vipi, iwe inaitika saa yoyote itakayoitwa. Katika majiko ya Igosima moto ulikuwa hauzimwi. Usiku unafunikwa majivu, asubuhi unafukuliwa. Basi watu wakaiita siku ya jikoni. Na ikawa adabu kwamba humuulizi mtu siku yake ni ipi. Hata mtunzaji haoni ndani. Anaona jina la nyumba, ukubwa, na mara ya mwisho iliyoulizwa.

Wakati ule nyumba zilikuwa chache na meza ilitosha. Lakini vijana walioa, wakaomba zao, wakapewa. Na nyumba zilizokwisha, ambazo hakuna tena aliyebaki ndani ya kuita, siku zao ziliachwa zimefungwa palepale. Si kwa kusahau. Kuingia jikoni kwa mtu ukauzima moto wake ni jambo ambalo mtu wa Igosima halifanyi, mwenyewe awe hai asiwe hai. Kwa hiyo mwaka baada ya mwaka meza ilijaa majiko ya watu waliokwenda, na walio hai wakabaki wanashonewa kwenye ukingo.

"Tuanze na nyumba zilizokwisha," Fidea alisema.

"Wewe soma, mimi nabonyeza. Siwezi kusoma majina yale, kusema kweli."

Wakaanza. Alisoma jina la nyumba, akasema "Kamwene," salamu ileile ambayo ungempa mtu umkutapo mlangoni kwake, kisha Lutengano akafungua kufuli. Nyumba ya Mahenge wa kwenye matofaa. Kamwene. Nyumba ya mabinti wawili wa Ngajilo, walioshona sare za shule nzima. Kamwene. Majina mengine yalimletea Fidea kitu kutoka katika kichwa chake mwenyewe: lango lililolia, mbwa mwekundu, sufuria ya mapeasi yanayochemka na nyuki juu yake. Vipande tu. Alikuwa mdogo mno. Aliwaonea wivu wenye shanga kwa hilo. Wao, wakiipata siku, waliipata nzima, na mvuke wake.

Katikati ya kazi Lutengano alikwama, kidole kikiwa hewani. Fidea akangoja. Upepo ukapita kwenye wavu. Alingoja mpaka akasikia kiu, akamtazama mwenzake usoni, uso wa mtu mwema usio na mtu ndani yake, na kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba safari hii hatarudi.

"Tumefika kwa nani?" aliuliza Lutengano.

"Kwa Ngajilo. Umeshabonyeza."

Walipomaliza, safu zile mbili zilikuwa zimepungua. Walizitazama kwa muda mrefu, wakitaka ziendelee kushuka. Hazikuendelea.

"Bado," Fidea akasema.

*

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kukaushia pareto, kwa sababu ndilo lililokuwa na paa la kutosha watu wote. Lutengano alisimama akaeleza kwa nini siku za walio hai nazo zifunguliwe. Alieleza vizuri, bila kuficha, na alipomaliza Mzee Hezroni Sanga akanyanyuka taratibu na fimbo yake.

"Tweve, mwanangu. Hiyo siku yangu mkiifungua, inafutwa?"

"Haifutwi, mzee. Inakuwa kama kurasa nyingine za kumbukumbu. Ikikaa bila kuitwa itakwenda stoo, na siku ukiiita itatoka stoo ije."

"Polepole."

"Polepole, ndiyo."

"Na huu ushanga unangoja?"

Kila mtu alijua, ila hakuna aliyekuwa amelitamka mbele ya watu. Jambo la kazi iliyo mkononi ushanga huliuliza tena na tena, lakini siku ya kale unayoiita mwenyewe ulitengenezwa kuingoja kidogo tu. Jibu likichelewa kupita hapo, unakwambia hakuna kitu. Unarudi kwenye shughuli zako. Na mtu aliyeambiwa hakuna kitu, kesho haulizi.

"Haungoji," Lutengano akasema.

"Basi sema unafuta, tuelewane."

Watu wakaguna. Mama mmoja kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni akadakia kutoka nyuma: "Nyie wazee mna siku zenu za matofaa, sisi tunasahau watoto kisimani! Mimi juzi nimesimama na ndoo, wangu anatambaa kuelekea ukingoni, namwona kabisa, sijui ni wa nani!"

"Mfunge kamba!" mtu akasema, na kicheko kikaanza kikafa.

Ndipo Mama Tulizo akasimama. Hakuzoea kusema mikutanoni. "Nimeambiwa nilisimama na mtoto mkononi," alisema. "Nimeambiwa, maana mimi sikumbuki hata kidogo. Kwangu niliingia, nikapokea, nikakata. Hicho ndicho kinachonitisha, jamani. Kwangu mimi hakuna kilichotokea." Akagusa ushanga nyuma ya sikio. "Yangu ifungueni."

Akakaa. Hakulia, lakini dada yake alimshika mkono.

"Wafungue zote," Mzee Hezroni akasema, sauti imepungua. "Lakini waanze na ya mtunzaji. Tuone kwanza."

Hapo watu wengi waligeuka. Karibu na mlango, mahali palipoingia jua, alikuwa amekaa Eneria Chaula, mama yake Fidea, mikono mapajani. Kila mtu aliijua saa yake. Kila siku baada ya kula alitoa kigoda uani, akafunga macho, na ushanga wake ukawaka mara moja, papo hapo, bila kusita. Alikaa humo mpaka jua lifike kwenye banda la mbuzi. Kisha anainuka anaosha vyombo. Fidea hakuwahi kuuliza, kwa adabu. Aliamini anajua: humo mama alikuwa na baba.

"Sawa," alisema Eneria. Hakumtazama mtu.

*

Zamu ya kufungua ilikuwa ya mchana. Fidea alitangulia kilimani peke yake.

Kufuli la nyumba ya Chaula lilifunguka kama mengine, bila sauti. Alibaki ameshika meza ya mbao kwa mikono miwili. Kisha akaanza kuandika.

Haikuwa kazi kubwa. Mashine ilikuwa na tabia moja ambayo mzee Ndelwa alipenda kuisifia: haiamini mguso mmoja. Ukurasa ukiguswa mara moja huwekwa ukingoni na wageni, na wa kwanza kuondolewa ni huo. Ukiguswa mara ya pili kabla haujaondoka, mashine husema, kumbe huyu ni mwenyeji, inauvuta ndani. Mama yake aliiita siku yake mara moja kwa siku. Mara moja haikutosha. Lakini programu ndogo, mistari michache, ingeweza kuigusa siku ile kila baada ya muda, kimyakimya, na mashine ingeamini nyumba ya Chaula ina watu wengi wanaoikumbuka. Lisingekuwa kufuli. Hakuna azimio la mkutano lililokataza kugusa. Nani angejua?

Aliandika mstari wa mwisho. Kidole kilikuwa juu ya kitufe Lutengano alipoingia, anahema kwa mlima.

Akasoma kioo. Alisoma chote, taratibu. Fidea alingoja akaripiwe.

"Ni nzuri," Lutengano akasema. "Fupi." Akavuta kiti. "Niwekee na ya mama yangu."

Fidea akageuka kumtazama.

"Nakuomba kweli, dada, sikutanii. Yuko pale kitandani, hajui hata mimi ni nani mpaka ushanga umletee, lakini siku yake ile anaicheka. Sijui kuna nini ndani, anacheka tu. Niwekee." Akajifuta jasho. "Halafu tukimaliza yangu tuweke ya Bibi Sekwao jirani yenu, maana yule hana mtu kabisa, itakuwa dhambi tukimwacha. Na Mzee Hezroni. Yule mzee ni mkali ila moyo wake unaujua. Halafu..."

"Basi," Fidea akasema.

"Halafu Mama Tulizo, kwa sababu yeye ndiye aliyetoa kwanza."

"Nimesema basi, Lutengano."

Akafuta mstari mmoja mmoja, kutoka chini kwenda juu. Lutengano alitazama pembeni mpaka alipomaliza. Kisha wakafungua zilizobaki, nyumba kwa nyumba, ya Tweve ikiwa ya pili, na hakuna aliyesema kamwene, kwa kuwa wenyewe walikuwa hai huko chini wanapika.

Safu ya kuingia ikashuka. Ya kutoka ikashuka. Mngurumo ukarudi kuwa ule ambao hausikiki. Kutoka dirishani waliwaona watu barabarani wakitembea bila kusimama, na mmoja, sijui nani, akageuka akamwita mwenzake kwa jina, haraka tu, kama hakuna kitu rahisi duniani kama jina.

*

Siku ya tatu baada ya kufungua ndipo ilipotokea. Siku mbili za kwanza siku ya Chaula ilikuwa bado imebaki mezani kwa joto lake la zamani. Fidea aliomba ruhusa akashinda nyumbani.

Mama alitoa kigoda baada ya kula. Akakaa, akafunga macho. Fidea alikuwa kizingitini na ungo wa njegere, hachambui.

Ushanga ukawaka, ukazimika. Ukawaka, ukazimika. Kule kilimani fundi alikuwa ameinuka kwenda stoo. Ushanga ukawaka mara moja zaidi, kisha ukafa.

Mama akafumbua macho. Akatazama uani, mbuzi, kamba ya nguo.

"Nilikuwa nataka kitu," alisema.

"Ulikuwa unataka nini, mama?"

"Sijui. Hakuna kitu." Hakuonekana kuumia. Hilo ndilo lililomkata Fidea. Alijitayarisha kwa machozi, na machozi hayakuwepo. Mama alishika magoti ainuke akaoshe vyombo.

Na Fidea, aliyetazama safu zile miaka yote, akaona kwa ghafla jambo lililokuwa mbele ya macho yake siku zote. Ushanga umeacha kungoja. Fundi hajui. Fundi ameshaambiwa lete, yuko njiani anarudi nacho, atakiweka pembeni ya meza mteja awepo asiwepo. Dakika hii siku ya mama yake haikuwa stoo. Ilikuwa mezani, ukingoni, na wageni, inangoja kuulizwa mara ya pili.

"Kaa, mama. Ita tena."

"Niite nini, mwanangu? Nimekwambia hakuna."

"Kipo. Kimechelewa tu. Ita tena."

"Sijui ninachoita."

Wala Fidea hakujua. Miaka yote ile ya adabu, hakuwahi kuuliza. Akatupa ungo chini, akapiga magoti mbele ya kigoda, akaanza kumpa mama yake vipande, vyote alivyokuwa navyo, ovyo ovyo, kama mtu anayemimina mfuko kutafuta ufunguo. "Jikoni kwetu. Igosima. Lile dirisha la upande wa mianzi. Pareto imeanikwa mpaka kitandani, tunapiga chafya. Baba na ile kofia yake ya sufu. Mbeta, vile vyombo vya mianzi vya pombe ya ulanzi, zimetundikwa ukutani, ile moja inavuja. Mvua..."

"Mvua," mama akasema.

Akafunga macho. Ushanga ukawaka, na haukuzimika.

Fidea hakuthubutu kusogea. Aliutazama uso wa mama yake ukijaa taratibu, chini kwenda juu. Alijua adabu inamtaka ainuke amwachie jiko lake. Badala yake aliuliza.

"Yupo nani humo, mama?"

"Wewe upo," alisema mama, macho yamefungwa. "Umekaa kwenye gunia hutaki kuchanwa nywele. Unanipiga teke. Una miguu migumu wewe." Akatabasamu. "Mvua imeanza tangu asubuhi, moshi hautoki, nimefungua dirisha maji yanaingia. Nimechemsha maharage. Nimeweka na yake pembeni, nimefunika."

"Na baba yuko wapi?"

"Amekwenda kugema. Hajarudi."

"Anarudi saa ngapi?"

"Hajarudi," mama akarudia. "Mvua imemshika njiani. Kila nikisikia kitu nakwambia, nyamaza, huyo anakuja. Unanyamaza. Halafu ni upepo. Tunacheka. Siku inaisha bado anakuja."

"Mama, ulipewa siku moja tu. Mbona hukuchagua siku aliyokuwepo?"

"Nilizipitia," alisema Eneria. "Zote, mwisho wake anaondoka."

Mbuzi walilia kwenye banda lao. Ng'ambo ya ua nyumba ya Bibi Sekwao ilikuwa imefungwa mlango, na mwenyewe, pengine dakika hiihii, alikuwa amekaa ndani ameambiwa hakuna kitu, hana wa kumwambia ita tena. Kesho Fidea angekwenda kwake, avuke ua, abishe hodi, aulize swali ambalo watu wa Igosima hawaulizani. Na kwa Mzee Hezroni angekwenda nani? Mtu angepatikana. Ingebidi apatikane.

Lakini leo jua lilikuwa bado halijafika kwenye banda, na kule kilimani mashine ilihitaji kuamini. Akajisogeza akaegemea miguu ya mama yake.

"Anza tangu asubuhi," akasema. "Nimekaa kwenye gunia. Mvua inaanza."